Mashine Iliulizwa Kabla ya Mama Esta

Shinyanga,
17 Mei 1987

Bartholomeo mpenzi,

Diskete yako imefika salama ndani ya zile mbao mbili ulizozifunga kwa kamba. Karani wa posta alinitazama sana. Alidhani nimetumiwa dhahabu, nikamwambia dhahabu aende akaitafute Bulyanhulu kama kaka yangu Makoye, ambaye mpaka leo hajatuletea hata ya hereni moja.

Umeniuliza kama mama ameipenda programu yako. Nitakujibu, ila ujue kwanza taabu ninayoipata. Tangu posa yako ipokelewe, mama hataji jina lako. Akitaka habari zako husema "yule wa Dar es Salaam". Picha yako iliyo juu ya kabati ameigeuza inatazama ukuta, kwa sababu anakula chumba hichohicho, na mkwe hamtazami mkwe akiwa anakula. Nilimwambia picha haina macho. Akasema hata hivyo ina sura. Basi wewe uko ukutani mwenzangu, na mimi ndiye njia yenu: nasikia huku nasema kule.

Sasa ujumbe. Programu inafunguka vizuri, na mama anaisifu kwa kuwa umeiandika kwa Kiswahili. Anaingiza majina ya wakulima wa kituo cha kwanza na uzito wa pamba ya kila mmoja. Anapoanza kituo cha pili, wale wa kwanza wanapotea wote. Amejaribu mara nyingi, na kila mara ni hivyohivyo. Ameniambia nikuulize "kwa upole", neno lake hilo, kama kuna kitu umesahau.

Ninakuomba ulishughulikie haraka. Msimu wa kununua pamba unakaribia, na Meneja wa ofisi yao ya pamba amealika wageni kutoka Mwanza waje kuiona kompyuta ikifanya kazi. Amekwisha sema kwamba ikishindikana, mashine atapewa Valerian, yule kijana wa masijala. Mama ameipiga taipu ya ofisi ile tangu mimi nilipokuwa nanyonya. Alipochaguliwa kwenda mafunzo ya kompyuta Mwanza, alishona gauni jipya. Nadhani sihitaji kueleza zaidi.

Mimi zamu za wodi zimenichosha, lakini nikiihesabia Desemba ya harusi yetu nachangamka.

Wako,
Esta

*

Dar es Salaam,
29 Mei 1987

Esta wangu,

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu ofisini mpaka bosi akainua kichwa. Mwambie mama (sijui utamwambiaje) kwamba nakaa ukutani kwa heshima zote. Nami huku sijawahi kulitamka jina lake la ubatizo, na nikiandika namwita Mama Esta. Shikamoo yake ipeleke na hii barua.

Kuhusu majina yanayopotea, ngoja nikueleze kidogo, maana najua utataka kujua. Mashine haiendeshwi na programu yangu peke yake. Chini yake kuna programu nyingine inayoamka kwanza mara unapowasha, na hiyo ndiyo inayojua kufungua faili, kuandika na kufuta. Sisi tunaiita mfumo. Waliotengeneza mfumo hutoa toleo jipya kila baada ya muda, na kila toleo lina namba yake. Mimi nimetumia amri iliyokuja na toleo la tatu: inafungua faili jipya kwa sharti kwamba lisifute lililokuwapo. Toleo la pili haliijui amri hiyo. Wala halikatai, linanyamaza tu, na programu yangu inadhani limekubali. Hapo ndipo kituo cha pili kinapoandikwa juu ya cha kwanza.

Lakini barua ya mradi uliowapa kompyuta inasema mashine yenu ililetwa na toleo la 3.1. Kwa hiyo sielewi. Muulize mama taratibu, bila kumfanya aone kama namhoji, mashine yao inatumia toleo gani. Huandikwa kwenye kioo mara tu inapoamka.

Bosi ameniambia kazi hii ya Shinyanga ikifaulu nitapewa na nyingine. Lakini si kwa ajili ya bosi tu. Nataka mama yako ajue kwamba anayemchukua binti yake ana akili kichwani.

Wako daima,
Bartholomeo

*

Shinyanga,
9 Juni 1987

Bartholomeo,

Nimemuuliza. Amesema tatu nukta moja. Amesema imeandikwa hata kwenye bahasha ya diskete ya kuwashia, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana.

Alinijibu haraka sana, halafu akachukua ungo akaanza kupepeta mchele ambao nilikuwa nimeshaupepeta. Sijui kwa nini nakuandikia hilo. Labda kwa sababu nilikuwa nimeupepeta vizuri.

Jumamosi nilimpitia ofisini nikamkuta ndiyo kwanza anaiwasha. Bartholomeo, ungemwona ungecheka. Anasimama mbele ya kioo mpaka mashine imalize kuamka, mikono kiunoni, kama mtu anayemzuia mgeni asiione sebule kabla haijafagiliwa. Akimaliza kazi anaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, cha maua ya njano. Valerian amesema kompyuta haihitaji kitambaa. Mama akamjibu kwamba hata yeye Valerian hahitaji shati, ila tunamvumilia.

Kwa hiyo kosa liko kwako wewe na amri zako. Tengeneza.

Esta

*

Dar es Salaam,
18 Juni 1987

Esta wangu,

Kama mama amesema tatu nukta moja, basi ni tatu nukta moja. Nani mimi nimbishie.

Natuma diskete nyingine kwa mkono wa fundi anayekuja huko na treni. Nimerekebisha mambo kadhaa, na ndani nimeweka kitu kidogo cha kunisaidia mimi mwenyewe kutambua tatizo liko wapi. Si kitu cha kumsumbua mama. Aingize majina ya vituo viwili, halafu diskete mrudishieni huyohuyo fundi anaporudi, niisome huku.

Nimeona kitambaa cha kitanda dukani nikakukumbuka. Nitakinunua mshahara ukitoka.

Wako,
Bartholomeo

*

Shinyanga,
3 Julai 1987

Bartholomeo,

Nilitaka nisikuandikie kabisa. Naandika ili usije ukasikia kwa mtu mwingine ukadhani amezidisha.

Fundi wako alichelewa njiani. Diskete ilifika asubuhi ya siku ya wageni, na mama akaona ni bahati, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa inamtia aibu. Hakuijaribu kwanza. Aliniomba nitoke zamu nije nione, na mimi nikaja na sare yangu ya uuguzi, nikasimama nyuma pamoja na wakulima waliokuja kuona majina yao yakitokea kwenye kioo. Meneja alikuwapo, wageni wa Mwanza walikuwapo, na Nurjahan wa duka la vipuri, rafiki yake mama, alikuja na sambusa. Mama alikuwa amevaa lile gauni la mafunzo.

Aliingiza diskete yako akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maandishi makubwa. Valerian akayasoma kwa sauti, maana ndiye aliyekuwa karibu, na nadhani mwanzoni alisoma bila kuelewa:

"MFUMO NI 2.11. MAMA ESTA ALISEMA 3.1."

Programu ikasimama hapo. Haikusonga tena.

Wakulima hawakujua maana ya namba, lakini kila mtu pale anajua Mama Esta ni nani, na kila mtu anajua anayeandika programu ni mkwe wake. Meneja akauliza maana yake nini. Meneja akauliza tena, safari hii mbele ya wageni, kama diskete ya kuwashia iliyotoka kwa mradi ipo au haipo. Mama akainuka, akakichukua kile kitambaa cha maua akaifunika mashine hali bado inawaka, akaenda akakaa kwenye taipu yake ya zamani na kuanza kuchapa. Nilikwenda kusimama nyuma yake. Karatasi haikuwamo.

Mashine amepewa Valerian siku hiyohiyo.

Mimi sijui mama alifanya nini na sijui kwa nini alisema tatu. Hasemi, na mimi simuulizi. Lakini wewe, Bartholomeo, uliniandikia "nani mimi nimbishie", na huku umekwisha kuiandikia mashine imchunguze. Ulipitia mlango wa nyuma ukamuuliza mtumishi wa nyumba kama mwenye nyumba anasema kweli, halafu ukaacha jibu likatangazwa sebuleni. Na mimi ndiye niliyembebea ile diskete kutoka stesheni. Niliibeba kwa mikono miwili.

Naona haya kutembea sokoni. Naona haya hata kwamba nimekupenda.

Usiandike.

Esta

*

Dar es Salaam,
13 Julai 1987

Esta,

Umesema nisiandike, naandika. Ukiichana nitajua ni haki yangu.

Sina la kujitetea. Nitakueleza tu lilivyotokea, kwa sababu uliyoyawaza ni mabaya na ukweli wenyewe hauko mbali nayo. Kuna swali ambalo mtu anaweza kuliandika ndani ya programu. Unaweka namba fulani mahali pake, unaugonga mfumo, nao unakujibu kwa namba mbili, kubwa na ndogo. Hauwezi kudanganya, wala haujui kwa nini unaulizwa. Wenye kazi hii huliuliza swali hilo kila siku na hakuna anayeona vibaya. Niliposoma habari ya mchele na habari ya kusimama mbele ya kioo, nilijua. Nilijua kabisa kwamba mama anaficha kitu. Ningeweza kukuandikia hivyo, lakini niliona haya kumwambia mkwe wangu "sikuamini". Nikaona nafuu niulize mashine.

Yale maandishi nilijiandikia mwenyewe. Nilitaka jibu liandikwe kwenye faili la pembeni, nilione huku diskete ikirudi. Wakati najaribu niliweka lionekane kwenye kioo pia, na jina nililiweka kama mtu anavyoandika kwa penseli pembeni ya karatasi. Nilikuwa na haraka ya kuwahi treni nikasahau kufuta. Lakini sitajificha nyuma ya kusahau. Hata kama lingebaki ndani ya faili, lingekuwa limeandikwa.

Nimeigeuza picha yako na mimi, maana siwezi kukutazama.

Sasa sikiliza, nimefanya mambo mawili. La kwanza, nimeandika programu upya. Bado inaiuliza mashine toleo lake, maana bila hivyo majina yatapotea tena. Lakini ikikuta la tatu inapita njia ya tatu, ikikuta la pili inapita njia ya pili, inaangalia kwanza kama faili lipo ndipo inafungua. Haisemi kitu kwa mtu yeyote. Inajua na inanyamaza. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo, na ndivyo nilivyotakiwa kuwa mimi. Diskete hiyo nimemtumia Meneja moja kwa moja.

La pili, nimemwandikia Meneja barua rasmi. Nimemwambia programu yangu ilisoma vibaya, kwamba mashine ilikuwa na 3.1 kama mama alivyosema, na kosa lote ni la mwandishi wa programu. Mama atarudishiwa mashine yake. Bosi wangu akijua nimejitia ujinga kwa maandishi hataninyamazia, lakini hilo ni langu.

Kama huwezi kunisamehe, niambie tu kwamba barua imefika.

Bartholomeo

*

Shinyanga,
25 Julai 1987

Bartholomeo,

Barua imefika.

Ile ya Meneja nayo ilifika. Aliwaita wote, akaisoma. Akamwomba mama radhi mbele ya Valerian na makarani, akamrudishia mashine na ufunguo wa kabati. Valerian naye akaomba radhi, akamwita "mama" kwa heshima, na kumbe ni kijana mwenye adabu tukimpa nafasi. Programu mpya inafanya kazi. Majina ya vituo vyote yapo na hakuna aliyepotea.

Ungedhani tumefurahi. Mama ameacha kula. Anakaa mbele ya sahani, anaubonyeza ugali kwa kidole, ananipa mimi. Nilidhani ni malaria nikampima, hana. Kitambaa cha maua amekileta nyumbani amekifua, amekikunja, hakukirudisha.

Nilipomsomea kipande cha barua yako, kile cha programu inayojua na kunyamaza, aliniomba nirudie. Kisha akaniuliza kama ile barua ya Meneja uliiandika kwa kutaka mwenyewe au nilikutuma mimi. Nikasema sikujua mpaka ulipokwisha kuituma. Akasema: "Basi amefanya tena."

Nikamuuliza amefanya nini tena. Akainuka akapeleka sahani jikoni. Lakini usiku kucha nililiwaza nikaona ni kweli. Mara ya kwanza ulimchunguza bila kumwambia, na mara ya pili umemwokoa bila kumwambia. Ninaogopa, Bartholomeo. Hii ndiyo nyumba utakayoijenga? Mambo yangu utayajua kwa kuzunguka, na ya kwako nitayasikia yakishafika kwa Meneja?

Mimi nami si msafi. Niliuona ule mchele na kile kisimamo chake mbele ya kioo, nikakuandikia kama kichekesho ili wewe ndiye uulize. Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza mama yangu mwenyewe, anayelala chumba cha pili.

Jana ameniomba anwani yako. Nimempa. Kwetu jambo hili sijawahi kulisikia, na sijui anataka kukuandikia nini. Kuhusu Desemba sitasema neno mpaka hiyo barua yake ikufikie. Akiivunja, imevunjika.

Esta

*

Shinyanga,
5 Agosti 1987

Mkwe wangu Bartholomeo,

Nimepiga taipu barua za watu wengi: za mameneja, za kuomba matrekta, za kufukuza watu kazi. Hii ni ya kwanza ninayoipiga ikiwa yangu. Nimegeuza kiti nikaelekea ukutani, ili niwe sijakutazama. Esta amenicheka, na ni siku nyingi hajacheka humu ndani, kwa hiyo sikumkemea.

Nitakueleza habari ya diskete. Kiwanda cha kuchambulia pamba kiko nyuma ya ofisi yetu, na kukiwa na upepo, vumbi na nyuzi huingia mpaka kwenye chai. Siku moja niliitazama ile diskete ya kuwashia nikaona vumbi kwenye kale kadirisha kake. Herufi za taipu zikishika uchafu mimi huzisafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, zinang'aa, na karatasi inatoka safi. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote. Nikachovya pamba kwenye spiriti nikakapangusa kadirisha, kakang'aa. Nilifurahi. Asubuhi yake mashine haikuamka, na haikuamka tena kwa diskete ile.

Kule Mwanza walitukataza kuigusa kwa vidole. Spiriti hawakuitaja, na mimi sikuuliza, maana niliyekaa naye dawati alikuwa umri wa Esta na sikutaka ajue kwamba sijui. Nilipoiharibu nilikwenda kwa Nurjahan, ambaye kaka yake alimletea kompyuta kutoka Nairobi. Akaninakilia ya kwake, akaniambia zote ni moja. Nikaitia kwenye bahasha ya ile niliyoiua. Ilipokuwa inaamka na kuandika namba yake, mimi nilisimama mbele ya kioo mpaka maandishi yapite. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi tangu mwezi wa tatu. Mtu mzima, na gauni jipya, nakiziba kioo kwa tumbo.

Ulipouliza kupitia Esta, nilijibu kupitia Esta. Nikajiambia sikumdanganya mkwe, nimemwambia mtoto wangu tu, na yeye ndiye aliyeandika. Mambo yakipita kwa mtu wa tatu, uongo unakuwa mwepesi.

Siku ya wageni, nilipoliona jina langu, nilipatwa na hasira, na hasira humsaidia mtu kusimama. Aibu yenyewe nilikuwa sijaiona. Niliiona Meneja aliposoma barua yako. Mzee wa watu akasimama, akavua miwani, akaniomba radhi kwa jambo alilokuwa amesema kweli. Kijana Valerian akaniomba radhi. Makarani wakanipigia makofi. Nikawa na ufunguo mkononi na sina mahali pa kuuweka uso wangu. Ulinipa kila kitu nilichokuwa nimepoteza, mkwe wangu, na sikuweza kumeza hata tonge.

Jumatatu nimekwenda kwa Meneja. Nikamwekea mezani diskete niliyoipangusa, na ufunguo. Nikamwambia: "Mashine ilisema kweli. Mimi na mkwe wangu ndio tuliodanganya."

Alikasirika. Ameandika kwa wenye mradi kuomba diskete nyingine, na ameandika kwa bosi wako. Utapata taabu hapo ofisini, na ni mimi niliyekuletea. Nisamehe kwa hilo. Kuhusu barua yako sitakusamehe mpaka uelewe kwamba hukuwa na ruhusa ya kudanganya kwa ajili yangu. Uongo wangu ulikuwa unanitosha.

Mashine ni ya Valerian sasa. Mimi nimerudi kwenye taipu, ila mchana ananiita nimsomee majina ya wakulima, kwa kuwa mwandiko wa makarani wa vituoni unamshinda na mimi nimeuzoea. Naketi kando yake nasoma, yeye anaingiza. Programu yako haijasema neno hata siku moja. Nimemkataza spiriti. Kitambaa cha maua nimempelekea akifunikie, akakipokea.

Baba zake Esta, wakubwa na wadogo, wameniuliza kama posa irudishwe. Wamekasirika kwa ajili yangu, na nimewashukuru. Nimewaambia isirudishwe. Lakini nimekaa na Esta, nimemuuliza mwenyewe, uso kwa uso, kama bado anakutaka. Amelia, akasema anakutaka na anakuogopa. Nikamwambia amwambie huyo anayemwogopa, asiniambie mimi. Barua yake utaipata nyuma ya hii.

Picha yako nimeigeuza. Sasa inatazama chumbani, na wakati wa kula mimi ndiye ninayeipa mgongo.

Desemba mje. Mila iko palepale, hutaniona uso wala hatutashikana mikono. Lakini ukifika usimtume Esta jikoni achungulie kama mama bado ana kinyongo. Simama nje ya mlango, niko ndani, uniulize mimi.

Wabeja, yaani asante, baba.

Mama Esta

Jina langu ni Klara. Nimeliandika mwenyewe ili siku nyingine usilitafute kwa mtu.